Je, Babu Mkubwa Alibaki Bama?

Ndugu msomaji, nilikuwa na riwaya. Usicheke. Ilikuwa imefika sura ya tatu, nimeiandika kwa biki ndani ya daftari la kurasa 200, na shujaa wake alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu mzaa baba. Kwetu anaitwa Babu Mkubwa, ingawa hakuna hata mmoja wa rika langu wala la baba yangu aliyewahi kumwona. Jina lake silitaji hapa. Sababu utaiona mbele.

Hadithi ya ukoo inakwenda hivi. Babu Mkubwa aliingia keya wakati wa Vita vya Pili, akapanda meli hapa Kilindini kwenda Bama kupigana na Wajapani. Vita vikaisha mwaka 1945, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Alipata mwanamke huko, mwenye nywele za kufika kiunoni, ati, na duka la vitambaa. Nyumbani Taita aliacha mke na mtoto mchanga wa kike.

Utakubali kwamba riwaya hapo ipo, tena nusu imeshajiandika. Sura ya kwanza ilikuwa Kilindini, ya pili baharini, ya tatu msituni Bama, na hapo hapo msituni nikakwama. Nilikuwa sijui hata mvua ya huko inanyesha vipi. Rafiki yangu mmoja tuliyemaliza naye fomu foo, yeye ni mtu wa mashairi, akasoma akanirudishia daftari: "We, kasome kwanza. Huwezi kuongopa vizuri kitu usichokijua." Nikamsikiliza. Balaa lilianzia hapo.

Sasa usidhani hadithi hii ni ya kupotezea jioni tu. Kuna shamba. Eka mbili na nusu chini ya kijiji chetu, kando ya kijito, penye migomba ambayo hata kiangazi haikauki. Lilikuwa la Babu Mkubwa. Kwa kuwa mwenyewe hajafa, hakuna aliyelirithi. Na kwa kuwa hayupo, babu yangu alilishika kwa niaba yake. Mashamba yalipokuja kupimwa, likaandikwa kwa jina la babu. Mke wa Babu Mkubwa aliambiwa asubiri. Akasubiri. Hakuolewa tena, wala hakuhesabiwa mjane, manake mjane ni wa mtu aliyekufa. Alifariki mwaka 1988 akiwa bado ni mke wa mtu. Yule mtoto mchanga aliyeachwa, ambaye kwangu mimi ni shangazi, ana zaidi ya miaka 80 sasa, na analima kipembe kimoja cha shamba la baba yake kwa ruhusa ya baba yangu.

Upande wa shangazi husema, wakikasirika, kwamba babu yangu alijua kilichompata kaka yake akanyamaza. Upande wetu husema hakuna barua yoyote iliyowahi kufika. Nimekua nikisikia maneno haya kwenye matanga na arusi, na mimi siku zote nilikuwa upande wetu. Babu yangu alifariki mwaka 2006 nikiwa mtoto mdogo. Alinipa peremende, alinifundisha kupiga mluzi. Unategemea ningekuwa upande gani?

Niongeze jambo moja kwa wasiowajua Wataita. Zamani, kabla kanisa halijashika, mtu mzima akishazikwa muda ukapita, fuvu lake lilifukuliwa likapelekwa kwenye pango la ukoo, likakaa pamoja na wenzake. Mapango hayo yapo hadi leo kwenye milima yetu. Kufikia miaka ya 1940 desturi ilikuwa inakufa, lakini fikra yake haikuwa imekufa: maiti ana mahali pake, na aliye hai ana mahali pake. Babu Mkubwa hakuwa na pa kuwekwa. Ndiyo maana, nadhani, alipewa mwanamke na duka la vitambaa.

Nilianza na vitu viwili tulivyonavyo nyumbani. Cha kwanza ni picha. Kijana amesimama wima, kofia ya keya yenye ukingo mpana, mikono imebana kwenye mapaja kama anayesubiri kupigwa. Nyuma yake kuna herufi tatu za penseli: E.A.A. Kwa miaka yote tulidhani ni alama ya mpiga picha. Cha pili ni kadi ya ubatizo ya shangazi, inayosema alizaliwa Novemba 1943. Kila anayesimulia hukubali kwamba Babu Mkubwa aliondoka mtoto akiwa "hajakaza shingo." Basi aliondoka mwanzoni mwa 1944.

Nikasafiri Nairobi, nikalala kwa binamu Kayole, siku tatu nikawa naingia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Waandishi wenzangu, nendeni mkaone. Unaketi na jalada ambalo karani fulani alilifunga kwa uzi kabla baba yako hajazaliwa. Jina la Babu Mkubwa sikulikuta katika majalada niliyofungua. Nilichopata ni picha ya wakati wenyewe: Kenya peke yake ilitoa watu wapatao 98,000 katika vita vile, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na machifu, na askari aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa zake kupitia ofisi ya DC. Hilo la mwisho likanikaa kichwani. Kama pesa zilikuwa zinakuja, basi siku moja zilikoma, na zilipokoma mtu aliuliza.

Tena nikajifunza kwamba E.A.A. haikuwa alama ya mpiga picha. Ni kifupi cha jina la Kiingereza la kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Babu Mkubwa hakuwa askari wa miguu, alikuwa mtu wa mizinga. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshapelekwa Ceylon kujiandaa kwa vita vya Bama, na mwanzoni mwa 1944 Rejimenti ya 301 ya mizinga ilitakiwa iwafuate. Kuanzia hapo sikuhitaji tena kubahatisha. Askari wa mizinga anayeondoka Kilindini mapema 1944 alikuwa na meli moja ya kupanda.

Meli hiyo iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya Wachile, ikaitwa Aconcagua, baadaye ikauzwa kwa Wamisri wakaipa jina la mtawala wao wa zamani, Ismail Pasha. (Kichekesho kidogo cha historia: Khedive Ismail huyohuyo ndiye aliyetuma askari wake mwaka 1875 wakateka Barawa na Kismayu, akiutamani mwambao wa Sultani Barghash, mpaka Waingereza wakamtaka aondoke. Hakuupata mwambao wetu akiwa hai.) Ilitoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944, ikielekea Colombo, katika msafara wa meli tano: yenyewe, City of Paris, Varsova, Ellenga na Ekma. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Kati yao 996 walikuwa maafisa na askari wa ile rejimenti ya mizinga. Wengine walikuwa mabaharia wa Kiingereza, na wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi.

Kwa juma zima hakukuwa na kitu. Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, yapata saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 ikaipiga kwa topido mbili. Hebu hapa usisome haraka. Meli yenye watu 1,500 ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Chukua saa yako uhesabu. Huwezi kupanda ngazi tatu za meli katika muda huo ukiwa kwenye msongamano, gizani, sakafu imesimama kama ukuta. Askari wetu wengi walikuwa chini kabisa, kwenye mabehewa ya askari, saa ya kujipumzisha baada ya chakula. Walikufa watu wapatao 1,300, na waliookolewa walizidi 200 kidogo tu. Katika wanawake wote walipona sita. Ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya meli za upande ule katika vita vyote, na mimi niliyezaliwa Mombasa, nikavuka feri ya Likoni mamia ya mara mbele ya bandari ileile, sikuwahi kuisikia hata siku moja darasani.

Halafu nikafika mahali ambapo ilinibidi niweke kitabu chini.

Waliobaki hai walikuwa wanaelea, wameshika mbao na maboya. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, chini yao hasa. Manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara, Paladin na Petard, zilikuwa na kazi mbili zisizopatana: kuokoa watu na kuiua nyambizi kabla haijazifikia meli nyingine nne. Petard ikadondosha mabomu yake ya kulipuka chini ya maji, katikati ya watu waliokuwa wakielea. Baadaye nyambizi iliibuka, ikapigwa kwa mizinga, na mwishowe ikazamishwa kwa topido ya Petard. Lakini kati ya waliouawa siku ile wamo waliouawa na manowari za upande wao.

Sababu ya kuweka kitabu chini ni hii. Baba yangu amewahi kunisimulia kwamba babu, akinywa pombe ya miwa ikamkolea, alikuwa na hadithi moja ya meli. Hakusema ni ya kaka yake, alisema ni ya "watu fulani." Meli ililiwa na bahari kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu. Na wale waliobaki majini, walipoiona manowari ya Wazungu inakuja, wakapunga mikono wakishangilia, nayo ikawajia na kuwalipua. Babu akifika hapo alikuwa akinyamaza. Watoto walicheka. Baba yangu mwenyewe alicheka, manake ni nani atawalipua watu wake?

Hadithi za walevi zina uongo wake wa kawaida: simba, majini, mwanamke mrembo barabarani. Hili halikuwa la aina hiyo. Hakuna mtu Taita angeweza kulibuni jambo hilo, kwa sababu halina akili mpaka ujue kwamba nyambizi ilikuwa chini ya waogeleaji. Limetoka kwa mtu aliyekuwa majini. Mmoja wa wale 200 alirudi, akakaa na babu yangu mahali fulani, akamwambia. Basi babu yangu aliijua ile meli.

Nilijaribu kumtetea. Nikajiambia: kuijua meli si kujua kwamba kaka yako alikuwamo. Nikatafuta jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya wafu wake, na mtu unaweza kuipekua kwa simu tu ukiwa umeketi Mwembe Tayari unasubiri matatu. Nilijaribu jina kwa tahajia tano. Ya sita ikatoa: mpiga mzinga, Rejimenti ya 301, 12 Februari 1944, Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Herufi mbili zimekosewa, kwa namna ambayo Mzungu asiyejua Kidawida angelisikia jina letu. Chini yake kuna mstari mmoja: mwana wa fulani, wa Taita. Huyo fulani ni babu wa baba yangu.

Matatu ikaja ikajaa ikaenda, nikabaki nimeketi.

Niseme hapa kwamba Babu Mkubwa, pamoja na yote, ana bahati ya jina. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba katika vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi walioipa Kariakoo jina lake wamo humo. Ukiwa na herufi mbili tu zilizokosewa, ushukuru.

Kuhusu ule mstari wa "mwana wa," nilijikuna kichwa siku nyingi. Kama jeshi liliuliza jina la baba baada ya kifo, basi watu wa nyumbani waliarifiwa. Lakini huenda waliliandika siku ile alipoandikishwa. Karatasi haisemi. Ikanibidi nipande mlimani kwa Nyanya, dada yao. Ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lile, na mwaka ule wa meli alikuwa msichana wa kuchota maji.

Nilimkuta anachambua maharage. "Mume wangu umekuja mikono mitupu," akanitania. Nilikuwa nimembebea sukari na majani ya chai, akavipokea, tukacheka. Sikumuuliza kuhusu meli. Nilimuuliza kama anakumbuka barua yoyote.

"Barua ilikuja," akasema, kama anayesema mvua ilinyesha.

Nikamuuliza nani aliisoma.

"Babu yako. Ndiye aliyekuwa na shule. Sisi tulijua kusoma wapi? Mjumbe wa chifu aliileta, babu yako akaisoma nje, chini ya mwembe. Akakaa kitambo. Halafu akaingia ndani akamsomea mama. Mama alikuwa mgonjwa, amelala."

"Ilisema nini, Nyanya?"

"Ilisema kaka ameumia mguu, yuko hospitali Bama, atakawia." Akachagua maharage mawili mabovu akayatupa. "Lakini mimi nilikuwa mlangoni. Pale nje aliisoma kwa muda mrefu. Ndani ilikuwa fupi."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nilipomuuliza mbona miaka yote hakusema, akaniangalia kwa mshangao wa kweli: "Nani aliniuliza?"

Sijui barua ile iko wapi, na siwezi kukuapia ilisema nini. Ninachoweza kuamini ni hiki: kijana wa miaka 20 alisimama mbele ya kitanda cha mama yake mgonjwa, na karatasi mkononi, na hakuweza. Akasema mguu. Alidhani atasahihisha kesho. Kesho mama bado anaumwa, kesho kutwa shemeji anauliza atarudi lini, na uongo ukazaa hospitali, hospitali ikazaa mwanamke, mwanamke akafungua duka la vitambaa. Mpaka hapo namwelewa, hata namhurumia. Lakini mama yao alikufa, uongo ukabaki. Siku ya kupima mashamba babu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, shemeji yake yuko hai, ana binti, na yeye akaandikisha shamba kwa jina lake huku akijua mwenye shamba yuko chini ya bahari. Hapo sipati neno la kumtetea. Baba ameniomba nisiiandike aya hii.

Kuhusu pesa zilizolipwa, kama zililipwa, sina ushahidi, na sitaki kuongeza chumvi.

Mwaka jana nilimpeleka shangazi Nairobi kwa basi la usiku. Makaburi ya vita yako Barabara ya Ngong, nyasi zimekatwa kama zulia. Kumbukumbu yenyewe ni mahususi kwa wasio na makaburi, wakiwamo wale wa Khedive Ismail, na majina yamepangwa safu kwa safu. Nilikuwa nimeandika namba ya safu kwenye kiganja. Tulimtafuta pamoja, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akitikisa kichwa, siye, siye, kana kwamba wale wengine anawajua. Nilipolifikia nikashika kidole chake nikakipitisha juu ya herufi, manake shangazi hakusomeshwa. Akauliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia Jumamosi, mchana.

"Mimi nilikuwa na miezi mingapi?"

"Mitatu, shangazi."

Akafuata tena herufi kwa kidole, polepole, akafika katikati akasimama. "Soma tena hapa." Nikasoma kama ilivyoandikwa. "Wamekosea," akasema.

"Wamekosea, shangazi."

"Basi waandikie, baba. Warekebishe."

Nimewaandikia. Barua niliiandika kwanza kwa mkono, katika kurasa za mwisho za lile daftari la riwaya, kwa kuwa sura ya nne haitakuja tena. Nikaambatisha nakala ya kadi ya ubatizo na ya picha, mbele na nyuma. Palipohitaji kutajwa jamaa wa karibu wa marehemu, niliandika jina la shangazi, peke yake. Baba alisoma barua yote kabla sijaituma, akafika kwenye jina hilo, akanirudishia karatasi. Kikao cha shamba kimewekwa baada ya mavuno. Hajaniambia atasema nini.